Mkanda wa zamani na telefone ya leo



Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mweka hazina alitoa wazo. Tulipe kijana mmoja mwenye telefone nzuri aje kuwapiga filamu bibi zetu, wale wachache waliobaki wanaojua chama hiki kilianzaje, watu walikimbiliaje msituni wakati wa vita, na mafuta ya mawese yalipikwaje kabla ya mashine. Wengi waliitikia. Lakini mama mmoja aliyekaa nyuma, yule anayeuza samaki wa mto Lindi, aliinua mkono akauliza: "Foto ya mama yangu, ya mwaka 1974, bado iko ukutani. Foto za mtoto wangu, za mwaka juzi, zimepotea zote pamoja na telefone. Sasa ya kisasa ni ipi?"

Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu alikuwa amegusa kidonda chetu.

Mama yetu mzazi alifariki miaka minne iliyopita. Tulikuwa na video zake kumi na moja. Katika moja anatwanga sombe huku akimgombeza mjukuu, katika nyingine anaeleza jina la ukoo wake lilitoka wapi, na katika ile tuliyoipenda zaidi hafanyi lolote, anacheka tu mpaka anashika mbavu. Zote zilikaa ndani ya telefone moja. Hatukuzihamisha, kwa sababu tulidhani kitu kilichomo mkononi hakiwezi kupotea. Siku moja telefone ikaanguka ndani ya beseni la maji. Fundi mmoja alisema ataiponya, na kweli aliiwasha. Lakini ili kuiwasha alikuwa amefuta kila kitu, ikawa safi kama ubao wa darasa Jumatatu asubuhi. Akatungojea tumshukuru. Tulimlipa, tukarudi nyumbani, na siku mbili hatukumwambia mtu.

Leo sauti ya mama hatuna. Tunayo foto yake moja ya karatasi, ya ujana wake, pembeni imeliwa na mende. Basi makala ya wiki hii inahusu swali la yule mama muuza samaki: mkanda wa zamani na mashine za leo, kipi kinatunza nini, na kwa gharama gani.

Wenye miaka thelathini na zaidi wanawakumbuka wapiga foto waliopita nyumba kwa nyumba na kamera shingoni, hasa Noeli na siku za komunyo ya kwanza. Mkanda wake ulikuwa na picha 36, basi. Zikiisha, zimeisha. Kwa hiyo alikupanga vizuri, alikwambia ushushe kidevu, alingoja mtoto anyamaze, ndipo anabonyeza. Baadaye mkanda ulisafiri kwenda Kisangani kusafishwa, zile kilomita 260 na zaidi za barabara tunayoijua wote, na jibu lilirudi baada ya wiki, pengine miezi. Nusu ya foto zilikuwa zimeungua. Lakini zile zilizofaulu ziliingia kwenye bati la biskuti, na ndizo tunazowaonyesha wajukuu.

Mkanda wenyewe ni kitu cha ajabu kidogo. Ni utepe wa plastiki uliopakwa gelatini, inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya gelatini kuna chembechembe za chumvi ya fedha, fedha ile ile ya hereni. Mwanga ukizigusa, zinabadilika, ila macho hayaoni bado. Ni mpaka mkanda uoshwe gizani kwa dawa ndipo sura inatokea. Mkanda wa filamu ya sinema ni huo huo, lakini mrefu: picha 24 zinapita kila sekunde moja, na macho yetu yanazisoma kama mwendo. Kwa mkanda wa kawaida wa sinema, dakika moja tu inakula mita 27. Bobini ya mita 300 inaisha kwa dakika kumi na moja hivi. Mama akianza kusimulia kifo cha mtoto wake katika dakika ya kumi, kamera itanyamaza kabla hajafika mwisho.

Sisi watu wa Tshopo tuna haki ya kuzungumza juu ya hayo, maana filamu moja iliyojulikana dunia nzima ilipigwa upande wetu. Mwaka 1951 Mmarekani John Huston alikuja na kundi lake hadi mto Ruiki, kusini mwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, karibu na njia ya reli iendayo Ubundu. Walijengewa kambi Biondo. Filamu iliitwa The African Queen, na waigizaji wakubwa walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Kamera yao ilikuwa ya Technicolor, mzigo mkubwa, kwa sababu ndani yake ilipita mikanda mitatu kwa pamoja, kila mmoja ukikamata sehemu yake ya rangi. Fanyeni hesabu kama tunavyowaambia wanafunzi wa darasa la tano: mita 27 mara tatu, ni zaidi ya mita 80 kwa dakika moja. Na mikanda ile haikuweza kusafishwa hapa. Ilipelekwa Uingereza, nao wakaendelea kufanya kazi msituni bila kuona kwa macho yao walichokamata jana.

Siafu waliwavamia kambini. Mashua ya filamu ilizama, ikabidi waivute kutoka majini. Hepburn aliumwa tumbo vibaya sana, na wengi wa kundi pia. Bogart alikuwa akisimulia kwamba yeye na Huston walipona kwa sababu badala ya maji walikunywa wiski. Wamama, msiwasomee waume zenu mstari huo. Chemsheni maji tu.

Miaka saba baadaye, 1958, alikuja Hepburn mwingine, Audrey, kuigiza sista muuguzi katika filamu ya Fred Zinnemann, The Nun's Story, na sehemu zake zilipigwa Stanleyville. Hawa wawili hawakuwa ndugu, ingawa watu wengine mjini husimulia kana kwamba ni mtu mmoja aliyekuja mara mbili.

Kinachotuuma katika historia hiyo ni kitu kingine. Watu wa kwetu waliobeba masanduku na kufyeka njia, majina yao hayako popote tunapoweza kuyasoma. Katika The African Queen, mwanzoni kabisa, wanakijiji wako kanisani wanaimba wimbo wasioujua, kwa kelele, na mtazamaji anatakiwa kucheka. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Mkanda ulikuwa ghali, kamera ilikuwa nzito, na aliyeweza kulipa ndiye aliyeamua nani ni mtu na nani ni mti wa nyuma. Kwa hiyo tukisikia mtu akiusifu mkanda wa zamani, kwamba rangi zake ni tamu na giza lake ni laini, tunakubali, ni kweli, ziko hivyo. Lakini tunauliza pia ulikuwa mikononi mwa nani. Hata baada ya uhuru haukuwa rahisi. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alipotengeneza La Vie est belle mwaka 1987 pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, Papa Wemba akiwa ndani, ilihitajika pesa ya kutoka nje. Filamu za Kikongo za wakati ule unaweza kuzihesabu bila kuvua viatu.

Sasa tuje kwa mtoto wa nyumbani. Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Yeye hakungoja bobini kutoka Ulaya. Ana kamera ndogo ya dijitali, isiyotumia mkanda: ndani yake kuna kipande kidogo kinachogeuza mwanga kuwa tarakimu, na tarakimu zinaandikwa kwenye kadi memori ndogo. Kadi ikijaa, unanakili, unaifuta, unaanza tena. Anaweza kushika kamera yeye mwenyewe na kukaa na watu siku nyingi mpaka wanasahau kwamba yupo.

Mwaka 2014 alitoa Examen d'État. Inafuata wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa shuleni kwa sababu hawakulipa primu ya walimu, nao wanakusanyika kwenye nyumba moja kujitayarisha wenyewe kwa mtihani wa serikali. Sisi ni walimu, tulisoma kwenye taasisi ya pedagojia, na tumekula primu hiyo. Tulipoiona filamu tulitaka kujitetea, kusema mshahara wetu unakuja lini, na wa kiasi gani. Filamu haikutuuliza. Ilituonyesha tu mlango wa darasa kutoka upande wa yule aliyetolewa nje.

Mwaka 2017 ikaja Maman Colonelle. Huyu ni mama wa kweli, Kanali Honorine Munyole wa polisi, mjane, aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wanawake na watoto. Anakutana na wamama waliobeba madhara ya Vita vya Siku Sita, vile vya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji usio wao, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu. Wamama wale wanasema mambo ambayo wengine hawakuwahi kuyasema mbele ya watu. Wanasita, wanalia, wanarudi nyuma, wanaanza tena. Rudini kwenye hesabu yetu ya dakika kumi na moja. Kwa mkanda, mtu angesema "kata" wakati mama bado anatafuta neno. Kamera ya Hamadi ilingoja.

Na mwaka 2020, En route pour le milliard. Wahanga wa vita hivyo hivyo, wengi wamekatwa miguu au mikono, wanapanda baleniere na kushuka mto Kongo, zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa, kudai fidia waliyoingojea karibu miaka ishirini. Mvua inawapiga, turubai linavuja, wanapika, wanagombana, wanaimba. Wamama wenye magongo wanavuka ubao mwembamba kuingia chomboni. Filamu hiyo ilichaguliwa katika orodha rasmi ya Cannes mwaka huo, ikiwa ya kwanza kutoka Kongo, ingawa korona ilizuia tamasha lenyewe. Mtajiuliza kama kamera iliwaletea pesa. Hapana. Ilikuwa ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, iliyoamua tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita kwa ujumla. Filamu haikuandika hukumu ile. Lakini sasa hakuna anayeweza kusema wamama wale hawakuwapo, na majina yao tunayajua.

Kwa hiyo mama muuza samaki anisamehe: kama tungengoja mkanda, historia ya Kisangani ingebaki ile ya mashua ya Bogart.

Ila bado hatujamjibu. Yeye hakuuliza nani anapiga filamu, aliuliza kwa nini ya kwake haikubaki. Hapo ana haki kabisa.

Mkanda ni kitu. Unaweza kuushika, kuuelekeza kwenye dirisha, na ukaona sura bila mashine yoyote. Nao pia una maadui, tusidanganyane: joto na unyevu wa msitu wetu unaotesha ukungu juu ya gelatini, na kuna aina ya plastiki ambayo ikizeeka inatoa harufu ya siki, inajikunja, inakufa. Lakini kwa kawaida unakufa polepole, unakupa nafasi ya kuona. Tarakimu hazikupi dalili. Leo video inacheza, kesho kadi inaandika kwamba haisomeki. Na kadi iliyofichwa sandukuni miaka mingi bila kuguswa nayo inaweza kusahau ilichobeba.

Nguvu ya tarakimu ni moja, nasi hatuitumii: zinazaa. Ukinakili foto ya karatasi kutoka kwa foto nyingine, inafifia kidogo. Ukinakili video kutoka kwenye kadi kwenda kwenye flashi, na kutoka flashi kwenda kwenye kompyuta, ya mwisho ni sawasawa na ya kwanza. Kitu kinachoweza kuzaa bila uchungu tumekifunga kwenye telefone moja inayotembea na sisi sokoni, mtoni na kwenye pikipiki. Kosa hilo tulilifanya sisi wenyewe. Fundi alilimalizia tu.

Kuna jambo jingine ambalo mkanda ulitufundisha bila kusema. Yule mpiga foto mwenye picha 36 aliomba ruhusa, kwa sababu kila picha ilikuwa pesa yake. Leo kupiga ni bure, na tunapiga yote. Kwenye ajali watu wananyosha telefone kabla ya kunyosha mkono. Tumeona video ya msichana aliyepigwa na mumewe mtarajiwa, ikipita kutoka kikundi hadi kikundi, na walioipeleka ni wamama wenzetu, wakiandika chini yake "masikini". Kesho yake darasani watoto walikuwa wanamwigiza. Shuleni tunawapa wadogo kibao cha kufuta kwanza, na daftari baadaye, kwa maana kwenye kibao kosa halina bei. Tunaona watu wazima sasa wanaandika maisha ya wengine kwenye kibao, halafu kile kinachofaa kufutwa ndicho kinachobaki.

Basi, kuhusu bibi zetu, tumekaa na mweka hazina na tumekubaliana hivi, mkiona vibaya mtasema Jumamosi. Kijana atakuja, lakini kabla ya telefone kutoka mfukoni, binti au mkwe wa kila bibi atakaa naye amweleze nani ataona na wapi. Bibi akisema sehemu fulani ibaki ndani ya chama, itabaki. Akisema hataki, tutamwandika kwa kalamu, au tutamwacha. Tutapiga asubuhi, chini ya paa la baraza, uso ukiangalia mwanga na si mgongo, mbali na mashine ya kusaga na grupu la jirani, maana sura mbaya inavumilika lakini sauti isiyosikika haina dawa. Telefone iegemezwe juu ya kitu, isishikwe na mkono unaochoka. Na kijana asiseme "kata". Bibi akinyamaza, naye anyamaze.

Jioni hiyo hiyo video zitahamishwa. Nakala moja kwenye flashi ya chama, katika kopo lenye kifuniko kinachobana, na mchele mkavu kidogo ndani wa kunywa unyevu. Ya pili kwa dada yetu anayekaa Kisangani, ili moto ukiwaka hapa kuwe na nyingine kule. Ya tatu kwa familia ya bibi. Kuzipeleka kwa WhatsApp pekee hakutoshi, kwa sababu njiani inazikamua ili zipite haraka, na inayofika si ile iliyotumwa. Kila mwaka, mwezi wa Machi, tunapojitayarisha kwa tarehe 8, tutazifungua zote na kuzinakili kwenye flashi mpya.

Na kutoka kila video tutachagua sura moja, tutaichapisha kwenye karatasi, na nyuma yake tutaandika kwa kalamu ya risasi jina, kijiji na mwaka. Hiyo ni kwa ajili ya mama muuza samaki. Gharama ya karatasi itatoka kwenye sanduku, tuliona inatosha kwa bibi watano.

Tayari watatu wamekubali. Mmoja amekataa, na hakutoa sababu. Wa tano, mkubwa kuliko wote, amesema hana neno, ila tungoje wiki mbili: kikwembe chake kipya bado kiko kwa mshonaji, na hataki wajukuu wa wajukuu wake wamkute na kile cha shambani.